Kadenza ya Kinoru

Jumapili, 3 Agosti

Hotelini Makutano tena. Saa saba mpaka saa kumi, kama kila Jumapili. Watu wanakula kuku, sisi tunapiga jazi. Mutuma kwenye kinanda, mimi na klarineti yangu. Mwaka wa sita huu. Siku za kazi Mutuma ni fundi wa magari, na mpaka leo hajui kusoma noti hata moja. Hajawahi kupotea.

Leo nimepotea mimi. Katikati ya wimbo vidole vilianza kupiga skeli, zile ngazi za noti za mazoezi ya klasiki, zimenyooka, hazina chumvi. Mutuma akanitazama, akanifuata tu. Tulipomaliza akasema, "Karimi, leo umepiga kama mtu amevaa tai."

Nilicheka. Sikufurahi.

Jumatatu, 4 Agosti

Niandike mambo yote hapa, labda nitajielewa.

Okestra ya Nairobi inakuja Meru. Jumamosi tarehe 16, ukumbi wa kanisa kule Kinoru. Mpiga klarineti wao mkuu amehamia ng'ambo, kiti kiko wazi. Mwalimu Wafula, kiongozi wa okestra, amenichagua nisimame mbele nipige konserto, muziki wa mpigaji mmoja na okestra nyuma yake. "Tukusikie kwanza," alisema. Kwa hivyo ni usaili, ila hakuna anayeuita usaili.

Kiti hicho nimekitaka tangu nikiwa na miaka ishirini na moja. Sasa nina thelathini na nane. Nimeomba mara mbili. Mara ya kwanza walisema napiga na mapambo mengi. Nikajirekebisha. Mara ya pili wakasema nimekakamaa.

Shida ni kadenza. Ni ule mwanya ambapo okestra yote inanyamaza na mimi kubaki peke yangu. Zamani mpigaji alibuni papo hapo. Siku hizi karibu kila mtu anapiga iliyochapishwa. Wafula anajua napiga jazi, ndiyo maana akaniambia nitunge yangu. Lakini iandikwe, na aipate kabla ya Alhamisi tarehe 14. Nikishindwa nitapiga ya kitabu, na yeye atakuwa amejua kwamba sina changu.

Pia iishe kwa trili: noti mbili jirani zinazofukuzana mbio. Hiyo ndiyo ishara. Wakisikia trili, watu wa fidla wanainua pinde na okestra inaingia.

Mimi ninayebuni kila Jumapili mbele ya sahani za kuku. Ilipaswa kuwa rahisi.

Jumatano, 6 Agosti

Shule zimefungwa, wanafunzi wangu wa muziki hawapo, sina kisingizio.

Nimeandika kadenza tatu. Ya kwanza ni ya kitabu iliyobadilishwa nguo. Ya pili ni ya hotelini kabisa, nasikia hata vijiko. Ya tatu ni zote mbili, na ni kama kumimina soda kwenye chai.

Tena kuna suala la ridi, kile kibanzi cha mwanzi kinachotoa sauti. Nina mbili nzuri tu, na hapa Meru haziuzwi. Ngumu ni ya klasiki, sauti inatoka safi. Laini ni ya jazi, naweza kuikunja sauti nitakavyo. Nimepiga ya tatu kwa ridi ngumu, ikasikika vibaya. Nikapiga kwa laini, ikasikika vibaya kwa njia nyingine.

Nimejichukia kuanzia saa nne mpaka chakula cha mchana.

Ijumaa, 8 Agosti

Kanyakine, kwa mama. Nilimkuta uani akichambua maharagwe. Nikakaa nikachambua naye. Akili ikatulia kidogo.

Mama ndiye mpiga vigelegele wa sehemu zetu. Si utani. Harusi, mtoto kuzaliwa, askofu kuja, anaitwa hata na watu asiowajua. Wanawake wengine wanapiga, lakini wote wanamsubiri yeye aanze. Nikiwa mdogo nilikuwa naona aibu, sauti ile ilikuwa inasikika mpaka barabarani.

Anakuja Jumamosi na wenzake wanne wa chama cha akina mama kanisani. Akataka kujua zaidi.

"Hiyo sherehe ni ya nani?"

"Si sherehe, mama. Ni konsati."

"Hakuna mtu anaolewa?"

"Hakuna."

Akaendelea kuchambua maharagwe. Nikamweleza kwamba makofi ni mwishoni tu. Mwisho kabisa, si katikati.

"Na nitajuaje ni mwisho?"

"Mtaona tumenyamaza."

"Sawa," akasema. "Mkinyamaza."

Jumapili, 10 Agosti

Hotelini. Niliingiza vipande vya kadenza ndani ya nyimbo zetu bila kumwambia Mutuma. Kuna mahali pamoja alisimamisha mikono akaniachia. Dakika moja hivi. Wahudumu wawili walisimama na trei zao.

"Hapo umeweza," Mutuma akasema. "Iandike hiyo ya saa hii, iandike tu hivyo."

Nilikuwa nimeirekodi kwenye simu. Nyumbani nikaisikiliza. Vijiko, mtu anakohoa, na mimi nikibabaisha. Uzuri wote ulikuwa umebaki hotelini. Sielewi ulienda wapi.

Jumanne, 12 Agosti

Mutuma alipita na mikono yake ya grisi, akakataa kuingia. Akauliza, nikipata kiti, Jumapili atapiga na nani. Nikamwambia mazoezi ya Nairobi ni Jumamosi, bado nitakuwa nakuja.

"Utakuja," akasema, "lakini utakuwa umevaa tai."

Nilikasirika. Nikamwambia ajifunze kusoma noti kwanza. Akaondoka bila kuaga.

Sikupaswa kusema hivyo. Najua kabisa sikupaswa.

Alhamisi, 14 Agosti

Nimeituma saa tano asubuhi. Ile ya tatu, nimeisafisha, nimeondoa kila kitu kilichonitia wasiwasi. Wafula akajibu baada ya nusu saa: "Safi. Iko sawa."

Sawa. Hilo ndilo neno ninaloandika kwenye daftari la mwanafunzi ambaye hajakosea na hatapiga muziki maishani mwake.

Ijumaa, 15 Agosti

Mazoezi na okestra, Kinoru. Sikukosea popote. Katika kadenza yangu mpiga tarumbeta alikuwa anasoma simu. Trili ilipofika pinde zikainuka pamoja, tukamaliza vizuri, Wafula akasema asante.

Natamani mtu angekunja uso angalau.

Jumamosi, 16 Agosti, asubuhi

Nimeamka nikaweka ridi laini. Nikaitoa. Nikaweka ngumu. Nikaitoa. Nimerudisha laini. Sijui kwa nini. Kila nilichofanya wiki hizi mbili kwa kujua kimetoka kibaya.

Nimemtumia Mutuma ujumbe wa samahani. Hajajibu.

Jumapili, 17 Agosti

Nimelala mpaka saa tatu. Siku nyingine ningekuwa kanisani.

Niandike jinsi ilivyokuwa kabla kila mtu hajanisimulia ya kwake.

Mama na wenzake walikaa safu ya tatu, wamefunga vitambaa vya chama vya samawati. Mutuma alisimama nyuma karibu na mlango, kwa shati safi. Nilipomwona nikapata pumzi.

Sehemu ya kwanza ilienda. Okestra ikafika pale pa kusimama, ikasimama, nikaanza kadenza mara moja. Ilivyoandikwa. Noti kwa noti. Nilijisikia nikiisoma kama tangazo la mazishi redioni. Nikafika katikati, mahali nilipojiandikia pumziko refu. Wakati wa kuandika nililiona la kupendeza. Nikavuta pumzi.

Ukumbi wote kimya. Okestra kimya. Mimi kimya.

Mama alifanya alichoambiwa.

Kigelegele kilipanda kutoka safu ya tatu mpaka kwenye mabati. Wenzake wanne wakakipokea.  Nikaona pinde za fidla zinainuka, maana kigelegele ni trili, ni trili hasa, noti mbili zinafukuzana, na wale watu walikuwa wamefundishwa kuinua pinde wakisikia trili. Wafula alikuwa ameshanyanyua mkono. Wangeingia pale, wangeingia kwenye ufunguo mwingine kabisa, noti zao na zangu zisipatane, na kila kitu kingeporomoka mbele ya mama yangu, naye asingejua kamwe kwamba ni yeye.

Sikufikiria. Nilitafuta noti ya mama nikaipata. Haikuwa kwenye karatasi yangu. Haikuwa hata ndani ya skeli. Nikapiga trili juu yake, pamoja naye. Wenzake walipoishiwa pumzi akabaki yeye na mimi. Alipoacha, nikamjibu. Akajibu tena! Alidhani ndivyo inavyotakiwa. Nikakunja sauti kama ninavyokunja hotelini, ridi laini ikakubali, nikashuka polepole kutoka kwenye noti yake mpaka noti ya karatasi yangu. Njiani nilipita mahali ambapo sijui ni wapi. Mkono wa Wafula ulikuwa bado hewani, unangoja. Mpiga tarumbeta alikuwa ananitazama mdomo wazi. Nikafika kwenye trili yenyewe. Nikaishikilia. Wakaingia.

Baadaye watu walinishika mikono. Mzee mmoja akaniambia ameipenda hiyo jazi. Mwalimu mmoja wa muziki akanisifu kwa kuheshimu klasiki. Mutuma akasema, "Leo hukuvaa," akaenda zake akicheka.  Wafula alinitazama muda mrefu, akaenda kufunga ala.

Mama aliuliza kama alichelewa kuanza.

Nimefurahi na nimeogopa. Nilikuwa na kitu cha kwangu kwa dakika mbili, lakini nusu yake ilikuwa ya mama.

Jumanne, 19 Agosti

Wafula amepiga simu. Kiti ni changu. Nimekaa chini sakafuni, nikamwomba arudie. Akarudia.

Oktoba tunapiga konserto ileile Nairobi. "Kitu kimoja," akasema. "Kadenza. Sitaki ile uliyonitumia. Iandike kama ulivyoipiga Kinoru."

"Yote?"

"Yote. Niipate Ijumaa."

Binti wa mjomba alikuwa ukumbini siku ile, alirekodi kwa simu. Sauti iko wazi kabisa. Sina kisingizio tena.

Ijumaa, 22 Agosti

Mvua nyepesi tangu asubuhi. Nimeandika.

Sehemu yangu imekubali, hata kule kukunja. Lakini peke yake haina maana, ni mtu anayejibu swali ambalo halijaulizwa. Nikajaribu kumwandika mama kama trili kwenye mistari mitano. Nikaipiga. Ilikuwa klarineti tu.

Nikampigia simu. Alikuwa shambani, nilisikia panga. Nikamwomba anipigie kigelegele kimoja, nisikilize.

"Kwa nini? Kuna nini? Nani anaolewa?"

"Hakuna, mama. Ni cha kuandika."

"Sasa nitapiga cha nini na hakuna kitu?"

Nikamwambia nimepata kiti. Kumbe sikuwa nimemwambia. Siku tatu nimehangaika na karatasi na sikuwa nimemwambia.

Nilisikia akiweka panga chini. Kisha simu ikajaa kigelegele, ikakwaruza, nikaisogeza mbali na sikio. Nilikuwa na penseli mkononi. Sikuandika kitu.

Nimeacha mistari mitupu pale katikati, mahali pa mama, nikatuma hivyo. Wafula amejibu sasa hivi: "Hapa patupu okestra inasubiri nini?"

 Kabla ya kumjibu nimeweka sufuria ya chai.