Kuhusu Kuzimika kwa Kidhibiti Joto cha Sebuleni

Kwa mwanangu wa kwanza,

Baada ya salamu, nakiri kupokea ujumbe wako usemao kwamba kile kidhibiti joto ulichonifungia ukutani kikizimika tena, nitahamishiwa kwa dada yako na nyumba itapangishwa, kwa kuwa siwezi tena kujitunza.

Nakujulisha rasmi kwamba Jumanne kilizimika.

Nilikagua fyuzi, nikaikuta nzima. Nilibadilisha betri, kioo kikabaki cheusi. Ndipo nilipozima swichi kuu, nikapanda kiti na kufungua kifuniko. Dada yako akaingia wakati huohuo.

"Baba, shuka! Ukianguka nitamwambia nini kaka?"

"Mwambie nimeanguka nikiwa nyumbani kwangu."

Alicheka, kisha akanishikia tochi. Kumbe waya mmoja ulikuwa unaning'inia. Fundi wako aliyekifunga kifaa hakuukaza. Niliukaza kwa bisibisi ya cherehani ya marehemu mama yako, nikawasha swichi kuu, na kioo kikawaka. Kwa hiyo aliyeshindwa kazi ni fundi wako, wala si mimi, na sihami.

Isitoshe, nimeiondoa simu yako kwenye kifaa hicho. Dada yako alinionyesha pa kubonyeza, lakini kidole kilikuwa changu. Kuanzia leo hutaweza kusoma joto la sebule yangu ukiwa huko uliko. Ukitaka kujua kama nasikia baridi, nipigie uniulize. Hujaniuliza tangu tulipomzika mama yako.

Ni mimi, mwenye nyumba,
Baba yako.