Sauti Arobaini na Moja

Jumatatu, 6 Oktoba

Imekataa tena. Mara ya sita. Kwenye kompyuta yangu, hapa nyuma ya duka, tovuti inafunguka vizuri, vitufe vinabonyezeka, sauti inasikika. Nikiipandisha kwenye seva, inakufa kabla ya kuamka. Seva yenyewe iko nchi nisiyoijua. Wanatoa nafasi bure kwa sisi tunaojifunza. Ukurasa mweupe, mstari mmoja wa Kiingereza: programu imeshindwa kuanza. Kwa nini, haisemi.

Baba ameniita mbele mara mbili, wateja wa vitenge. Mara ya tatu hakuita. Alikuja akasimama mlangoni, akaangalia skrini. Akauliza kama bado ni ile kazi ya wake za askari. Nikasema ndiyo. Akarudi kukata kitambaa.

Najisikia mjinga. Miaka miwili ya masomo Lubumbashi, nikaacha mama alipougua, na sasa kila jioni somo moja la mtandaoni kwa Kifaransa. Nilidhani inatosha. Nimeshamuahidi Mama Plamedi, mmoja wa wake hao wa askari.

Alhamisi, 9 Oktoba

Imekubali!

Kosa lilikuwa kwenye orodha ya vitu ambavyo programu inahitaji ili ianze. Kwangu vyote vipo, kwa hiyo haikulalamika. Seva haina kitu, inasoma orodha tu, na kimoja sikukiandika. Neno moja. Siku tisa.

Nimeifungua kwenye simu yangu, kisha kwenye simu ya Baba. Picha za vitenge zimejipanga mistari minne. Kila mwanamke atachagua kitenge chake, akikigusa anapata ukurasa wake, anasikia sauti za mume wake. Wengi hawasomi. Vitenge wanavijua kwa jina kuliko mimi.

Baba alishika simu mkono ukiwa mbali na macho, akasema rangi zimetoka vizuri. Nilitoka nje nikazunguka jengo mara moja, kwa furaha tu.

Jumamosi, 11 Oktoba

Nimeshinda Base, kambi ya askari. Pikipiki, vumbi mpaka kwenye meno.

Mama Plamedi alikuwa ametandaza samaki wake wa Bukama kwenye bati, wanasubiri soko la Jumatatu. Tunafahamiana kwa sababu ya samaki hao: meza yake sokoni inatazama mlango wa duka letu. Mume wake, Baba Plamedi, ni sajini. Alipelekwa mashariki Plamedi akiwa bado ananyonya. Sasa mtoto ana miaka mitatu na nusu. Baba yake anamjua kwa sauti tu, zile ambazo baba hutuma kwenye simu akipata mtandao.

Sauti arobaini na moja. Simu ya zamani, imejaa, inazima yenyewe. Sauti mpya haziingii tena. Hiyo ndiyo sababu ya tovuti yote.

Tumezipandisha moja moja, kwa simu yake mwenyewe na kidole chake mwenyewe. Mtandao mchovu, saa tano nzima. Sikuzipitisha kwenye kompyuta yangu. Ni sauti za mume wa mtu, si haki yangu kuzibeba. Lakini alitaka nisikie baadhi. Moja anauliza kama bati la jikoni bado linavuja. Moja anakohoa, anacheka, anakohoa tena. Moja alisahau kuzima: dakika nne za hatua zake kwenye matope, na mtu anaomba kiberiti. Hiyo ndiyo anayoipenda Mama Plamedi kuliko zote. Anasema humo hamsemeshi mtu, anatembea tu, kama yupo nyumbani.

Tulipomaliza aliniuliza afanye nini na zile za kwenye simu. Nikamwambia azifute, apate nafasi ya sauti mpya.

Akauliza, akiniita kama ndugu yake mkubwa, "Kule iko salama, yaya?"

Nikasema, "Iko salama kuliko kwenye simu."

Akafuta.

Jumanne, 14 Oktoba

Wanawake kumi na mmoja sasa. Wengine wamekuja dukani, wengine wamefundishana wenyewe. Mama Ilunga na mwenzake wamegombea kitenge kimoja, cha ndege wa bluu. Nimeweka cha pili cha ndege wa kijani, vita imekwisha.

Sauti mpya ya Baba Plamedi jana. Anasema wanahama, huko waendako mtandao haupo, wasiwe na wasiwasi. Mama Plamedi ameipandisha mwenyewe bila mimi, akaifuta kwenye simu. Arobaini na mbili. Alikuja kuniambia, mikono ikinuka samaki, na fahari usoni.

Tovuti haijaanguka hata mara moja. Sigusi msimbo tena. Kitu kikifanya kazi, acha.

Jumapili, 19 Oktoba

Hakuna habari. Mama Plamedi anasema ni kawaida. Amesema mara tatu.

Jumatano, 22 Oktoba

Baba Plamedi amekufa.

Walikuja asubuhi, afisa mmoja na padri wa askari. Mama Plamedi aliwaona wakitoka garini akaingia ndani akafunga mlango, kama vile wasipomwambia haijatokea. Mama Ilunga ndiye aliyenipigia. Mwili haujaja. Hawajui kama utakuja.

Sikwenda leo. Niliogopa. Naandika hivyo hivyo: niliogopa.

Nilikaa mbele ya kompyuta nikitafuta kitu cha kumfanyia. Kwenye ukurasa wake kuna kitufe cha kijani, cha kumjibu mume. Nikamfikiria anafungua kesho, anakiona, hana wa kumjibu. Nikakiondoa. Nikaipandisha tovuti upya. Ilichukua dakika mbili. Nikaangalia ukurasa: kitufe hakipo. Nikafunga kompyuta, nikalia.

Alhamisi, 23 Oktoba

Matanga. Viti vya plastiki chini ya turubai, wanawake wameketi chini kwenye mikeka. Nyimbo za kwao, za Ilebo, na wanawake wa Kiluba wakiitikia maneno wasiyoyajua. Nilikaa karibu naye. Hakulia. Alikuwa amevaa kitenge ndani nje.

Mchana akaniambia anataka kumsikia. Simu yake ilikuwa imezima, nikampa yangu. Akagusa kitenge chake.

Hakuna kitu. Ukurasa upo, picha ipo, chini yake patupu. Akagusa tena. Akanipa simu, kwa heshima, kama aliyekosea yeye. Nikagusa mimi. Patupu.

Nikamwambia ni mtandao.

Akakubali, "Bon. Kesho."

Nilidanganya kwenye matanga. Nilijua. Mtandao ukiwa mbovu picha hazitoki. Picha zilikuwa zimetoka.

Ijumaa, 24 Oktoba

Nimeelewa kila kitu. Nakiandika mara moja ili nisikitafutie maneno mazuri.

Diski ya seva hii ni ya muda. Kila ninapopandisha tovuti upya, inaanza na mashine safi, na yote ambayo watu wameweka yanafutika. Sauti zilitakiwa ziwekwe mahali pengine, kwenye hifadhi ya kudumu, iliyotengwa. Nilizihifadhi kwenye folda ya kawaida, kama nyumbani. Imeandikwa kwenye maelezo yao, ukurasa wa mwanzo kabisa. Niliuruka. Nilikuwa na haraka ya kuona vitenge vyangu mtandaoni.

Kwa hiyo: nilipoondoa kitufe, niliondoa sauti arobaini na mbili. Na za wanawake wengine wote.

Nimewaandikia wenye seva. Wamejibu upesi, kwa adabu. Hazirudi. Wanasikitika.

Nimetafuta kwenye kompyuta, faili kwa faili. Sikwenda msikitini na Baba. Hakuuliza.

Jumapili, 26 Oktoba

Nimewapigia wote isipokuwa Mama Plamedi. Saba hawakufuta kitu. Wawili wamepoteza chache, waume wao wako hai, watatuma nyingine. Mama Ilunga amepoteza zote. Alinitukana kwa Kiluba, kirefu, na sikukata simu. Nilistahili kusikia mpaka mwisho.

Nikampigia mvulana wa simu pale stesheni, fundi, nikamweleza. Anasema iliyofutwa kwenye simu ya aina ile, na simu ikaendelea kutumika wiki mbili, haipatikani.

Nimemwambia Baba. Alikuwa anakunja kitenge. Alikikunja mpaka mwisho, akakiweka mahali pake. Halafu akasema niende kwa Mama Plamedi kesho asubuhi, mimi mwenyewe, na nisiende na simu mkononi.

Jumatatu, 27 Oktoba

Nimekwenda.

Turubai limeondolewa. Alikuwa anachambua sombe, majani ya mhogo, kwenye ungo, Plamedi amelala mgongoni mwa mtoto wa jirani. Nilikaa chini. Nilikuwa nimeandaa jinsi ya kueleza diski na mashine safi. Sikueleza. Nikasema sauti zimepotea, zote, na mimi ndiye niliyezipoteza.

Mikono yake haikusimama. Jani moja, jani moja.

Akasema, "Weye njo ulinambia nifute."

Nikakubali, "Minyi njo nilikwambia."

"Na ile ya kutembea?"

"Na ile."

Akachambua mpaka ungo ukaisha. Kisha akauliza, bila kunitazama, "Sasa huyu mutoto atamujuaje baba yake?"

Nilisema nisamehe. Aliinuka akaenda kuteka maji, ingawa ndoo ya pili bado ilikuwa imejaa, niliiona.

Nilirudi kwa miguu mpaka nusu ya njia. Mvua ilinikuta. Sikujificha.

Alhamisi, 30 Oktoba

Meza yake sokoni iko wazi. Mwanamke mwingine ameweka maharagwe juu yake.

Siwezi kula mchana. Nafungua kompyuta, nafunga.

Jumamosi, 1 Novemba

Nimesoma ule ukurasa wa maelezo tena, neno kwa neno, na kamusi. Nimeweka hifadhi ya kudumu kama wanavyosema. Nimejaribu: nikapandisha, nikaweka faili, nikapandisha upya, faili lipo. Kazi ya saa moja na nusu.

Saa moja na nusu tu. Sijui nifanye nini na jambo hilo.

Wanawake wanne wamerudi. Nimewaambia wasifute kitu kwenye simu zao. Nimemwambia kila mmoja, nikamfanya arudie.

Jumatano, 5 Novemba

Mama Plamedi alikuja dukani. Sikumwona akiingia, nilisikia Baba akimpa pole, na kiti kikivutwa. Plamedi alikuwa ameshika upindo wa nguo yake.

Amesema wanarudi kwao Ilebo, kwa mama yake, treni ikija. Kisha akasema amekuja kwa kazi moja. Anataka niandike, kwa mkono, kwenye daftari. Anakumbuka sauti nyingi. Atasema, niandike, mtoto akijua kusoma atasoma.

Baba akatoa daftari jipya la mahesabu, akatuachia chumba cha nyuma.

Alisema kwa utaratibu, tangu ya kwanza. Ya bati. Ya kikohozi. Ya siku aliyokula nyama ya nguruwe-mwitu. Niliandika kwa Kiswahili chake, bila kusahihisha. Nyingine alisimama katikati, akisema hapa alicheka, au hapa hakucheka, sijui tena. Niliandika hivyo pia. Ya hatua kwenye matope alitaka niiandike, nikaandika mstari mmoja: anatembea, mtu anaomba kiberiti. Akaniambia niusome. Nikausoma. Akasema si hivyo, lakini niache.

Tulifika thelathini na tatu. Nyingine hazikuja.

Ya mwisho aliyoikumbuka ni ya mume akimtakia mtoto usingizi. Akaisema. Plamedi, aliyekuwa sakafuni na vipande vya vitambaa, akainua kichwa.

"Hapana," akasema. "Baba anasema hivi."

Na akasema. Sauti nzito, ya chini, na jina lake likivutwa mwishoni, kama mtu anayefunga mlango polepole asimwamshe aliyelala. Haikuwa sauti ya mtoto. Mama yake alishika ukingo wa meza.

Mkono wangu ulikuwa umeshafika kwenye simu. Mama Plamedi akauweka wake juu yake.

"Acha," akasema. "Aseme tu."

Plamedi alisema tena, mara mbili, kwa kuwa alituona tunasikiliza. Halafu akachoka, akarudi kwenye vitambaa.

Jumapili, 9 Novemba

Treni iliingia leo asubuhi, siku mbili baada ya siku yake. Nilibeba mzigo mmoja, Baba mwingine. Stesheni imejaa magunia na kuku.

Mama Plamedi alipata nafasi dirishani. Daftari lilikuwa ndani ya mfuko wa plastiki, mfuko ndani ya kikapu, kikapu miguuni pake. Alinipa mkono. Hakunikumbatia, na sikutegemea. Aliniambia nibaki vizuri. Nikamwambia wafike vizuri. Plamedi alikuwa anakula andazi, hakutazama nje.

Ilichelewa kuondoka. Tulisimama pale mpaka ikaondoka.

Tulirudi dukani. Mvua ndogo. Tulifungua duka saa nne. Nimekunja vitenge vya jana, nimefagia chumba cha nyuma. Vile vipande vya vitambaa nimeviokota sakafuni, nikaviweka kwenye kapu pamoja na vingine.