Jina Lililo Chini ya Magoti

Siku ya tisa ya juma la siku kumi, tarehe 9, mwezi wa pili wa msimu wa Mafuriko

Baba amefariki jana asubuhi. Naandika kwenye kipande cha jiwe la chokaa. Mafunjo ya kuandikia ni mali ya ofisi, na baba hakuwahi kuja nyumbani na hata ukanda wake mmoja. Ndiye Werka, mwandishi wa makaburi. Miaka arobaini amewaandikia wakubwa majina yao ukutani, yeye mwenyewe hana hata jiwe.

Wakausha maiti wameshamchukua. Siku sabini, wamesema, ndipo azikwe.

Neno lake la mwisho lilikuwa kwangu. Khenu, nikalishe. Nilidhani anataka mto! Kumbe anataka sanamu. Akae chini, miguu ameikunja, mafunjo mapajani, kama mwandishi aliye kazini. Nisilale tu, alisema, wanaolala husahauliwa. Nikamwahidi. Nani angekataa?

Mama hajalia bado. Anafagia ua uleule tangu jana.

Siku ya tatu ya juma, tarehe 23, mwezi wa pili wa Mafuriko

Itu amekubali kuchonga. Alikuwa rafiki wa baba; mdomo wake mchafu kuliko karakana yake, lakini mkono wake hauna mfano. Siku ya kuzika, kuhani atafungua kinywa cha maiti na cha sanamu kwa pamoja, wote wawili wapate kula na kusema. Halafu chumba cha sanamu mle kaburini kinazibwa kwa matofali. Hakuna cha kuchelewa hapo.

Tumegombana juu ya mkono. Waandishi wote wa Itu mkono wa kulia umelala pajani. Baba hakuwa hivyo. Akitafuta neno aliinua kalamu hewani, kiganja kimegeuka kidogo, mpaka wino unamkaukia. Nataka mkono ule. Itu akasema jiwe halipendi hewa, mkono ukiachana na paja utakatika, yeye kachonga tangu mimi sijazaliwa. Nikamjibu kwamba mimi ndiye mwana wa marehemu.

— Haya, bwana mwana, akasema. Akaokota patasi.

Siku ya sita ya juma, tarehe 16, mwezi wa tatu wa Mafuriko

Nimempeleka mama karakanani. Akaizunguka sanamu mara mbili. Tumbo lina mikunjo mitatu, kifua kimejaa, mashavu kama ya mtu anayelala mchana.

— Huyu si mume wangu, akasema. Huyu ameshiba.

— Mama, wote nawachonga hivi, Itu akamwambia. Nani anataka kwenda milele na njaa?

— Werka mbavu zake unazihesabu. Mimi nilizihesabu.

Kisha akauona mkono ulioinuliwa. Akaushika. Hakuuachia kwa muda mrefu, na hapo ndipo machozi yalipomtoka, ya siku zote hizi kwa mkupuo mmoja. Nililia naye. Nikafurahi pia, sitaficha, kwamba nilishikilia langu. Mkono ule ni baba.

Siku ya nane ya juma, tarehe 8, mwezi wa nne wa Mafuriko

Umekatika.

Hakuna aliyeuangusha. Walikuwa wanaung'arisha kwa mchanga, ukakatika kwenye kifundo kama mkate mkavu. Itu alikaa chini. Akasema, asiyesikia la mkuu... Hakumalizia. Afadhali angenitukana.

Mwandishi asiye na mkono wa kuume. Atakaa milele na mafunjo mapajani, asiweze kuandika hata jina lake. Nimemfanyia mimi. Kwa kiburi changu!

Zimebaki siku kumi. Jiwe jipya linataka arobaini.

Siku ya tisa ya juma, tarehe 9, mwezi wa nne wa Mafuriko

Nilikwenda kwa kuhani kuuliza kama tunaweza kuubandika kwa plasta. Hakuinua hata uso. Mkono wa plasta hauamki, alisema. Kinachoamka ni jiwe lililo zima.

Niliporudi, Itu akanishika bega, akanipeleka nyuma ya karakana, akafunua mkeka. Mwandishi ameketi. Kazi ya baba yake Itu, ya miaka ishirini nyuma. Macho ya kioo cha mwamba, yananitazama popote nisimamapo. Mkono umelala pajani, salama. Chini ya magoti pamechongwa: Henka, mwandishi wa ghala la shayiri.

Itu akanieleza. Henka alikosana na wakubwa, akapelekwa machimbo ya jangwani, akafia huko. Mwili haukurudi. Kaburi hana. Sanamu haijachukuliwa na mtu hadi leo.

— Paruza jina, andika la baba yako kwa wino, mimi nitalichonga, akasema. Usinitazame hivyo. Nusu ya wale walioketi makaburini kule juu wamekalia nafasi za wenzao.

Baba aliwahi kuamriwa afute jina la mtu ukutani. Alikataa, akachapwa. Nilikuwa na miaka saba. Mimi ndiye niliyempaka mafuta mgongoni. Jina likifutwa, aliniambia, mtu huyo anakufa mara ya pili, na safari hii hakuna wa kumzika.

Siku ya kumi ya juma, tarehe 10, mwezi wa nne wa Mafuriko

Mapumziko. Mafundi hawapo, lakini mlango wa nyuma haufungwi. Nilikwenda kumtazama Henka tena. Nikakuta mwanamke mwenye mvi amepiga magoti mbele yake. Mkate, kitunguu, bia kikombe kimoja. Alikuwa anampa habari za nyumbani: mbuzi amezaa pacha, mjukuu ameota jino, jirani yule mgomvi amehama, tumepumua.

Nilijibanza nyuma ya rundo la mawe mpaka akaondoka. Mimi, mtu mzima!

Nikaenda nyumbani kwa Itu kumuuliza. Anaitwa Hetepi, binti wa Henka. Huja kila siku ya kumi. Yeye hana ndugu wa tumbo moja.

— Mbona hukuniambia?

— Hukuuliza. Uliuliza?

Siku ya tatu ya juma, tarehe 13, mwezi wa nne wa Mafuriko

Nimemweleza mama yote. Alikuwa anakunja vitambaa vya sanda. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema huyo binti anaye baba yake moyoni, jiwe la nini. Nikamuuliza, na wewe je, mama, baba hayumo moyoni mwako? Akakunja kitambaa kingine.

— Aliyeuvunja mkono ni wewe, akasema. Mimi siwezi kumzika mume wangu kilema.

Siku ya tano ya juma, tarehe 15, mwezi wa nne wa Mafuriko

Zimebaki siku tatu. Nimelifuta.

Kwa mkono wangu mwenyewe, asubuhi hii. Nilimkatalia Itu, dhambi hii haina haja ya wawili. Nilianza na cheo, nikaogopa, nikaendelea. Jiwe lile la chokaa ni laini. Jina la mtu linatoka kama unga! Pakabaki peupe. Nikaandika la baba kwa wino, kwa mwandiko mzuri kuliko wote nilioandika maishani. Nilitarajia kusikia faraja. Haikuja. Itu alitoka kwenda kunoa patasi.

Hapo akaingia Hetepi. Leo si siku yake. Mjukuu wake ana homa, amekuja kumwomba baba yake amsaidie. Amenikuta nimepiga magoti, kitambaa mkononi, vumbi jeupe mapajani. Akanishukuru. Anadhani ninamsafisha. Miaka yote hii, mwanangu, amesema, hakuna hata mmoja aliyempangusa vumbi, miungu ikulipe.

Kisha akaiona kalamu. Wewe ni mwandishi? Nikaitika. Akasema yeye hajui kusoma, na mafundi wa hapa wanachonga tu, hawasomi. Jina la baba yake hulitamka mwenyewe kila anapokuja, lakini hajawahi kulisikia likisomwa kutoka kwenye jiwe lenyewe, na wanasema likisomwa ndipo anapopata nguvu. Leo anazihitaji. Nisomee, mwanangu. Mara moja tu.

Itu amerudi. Amesimama mlangoni na patasi yake, ananitazama. Naweza kusema "Henka" na asijue kamwe. Nimefungua mdomo mara mbili.

Nimemwambia, subiri kidogo, mama, kuna kitu namalizia kuandika. Ndicho hiki. Ameketi chini mbele ya sanamu, miguu ameikunja, anasubiri. Amesema hana haraka. Wino wa jina la baba bado mbichi.