Jiko Limehamia Nje

Dada mpendwa, shikamoo. Nakuandikia kutoka Kaengesa, ukweni, na uso sina pa kuuweka.

Baridi ya huku inaingia hadi mifupani. Nilipofika tu, moshi wa kuni ulinibana kifua. Sikutaka mama mkwe ajue nina pumu, nikajitia usomi: "Mama, moshi huu unaharibu mazingira." Hakubisha. Alibeba kuni zake akahamia nje, akasonga ugali wa ulezi kwenye upepo, kajifunika blanketi.

Mimi nikajificha nyuma ya nyumba na pampu yangu ya pumu. Nikapuliza hewani kwanza kuijaribu, kama nilivyozoea. Kugeuka, mama mkwe huyo hapo, na maji ya kuninawisha.

"Na hiyo, mwanangu, si moshi?"

Nikakumbuka ulivyoniambia, kwamba gesi inayosukuma dawa humo nayo inaongeza joto duniani. Nikajibu, "Hapana, Mama. Ni marashi tu."

Akanusa hewa, akayasifu.

Niulizie kwa daktari kama ile pampu ya dawa ya unga, isiyo na gesi, itanifaa. Kwa sasa natumia hii hii, kifua hakina subira. Wabusu wanao, na Mungu awakinge na baridi ya namna hii.

Leo asubuhi jirani naye kahamishia jiko lake nje. Mama mkwe amemwambia ndivyo mkwe wake msomi anavyofundisha.

Mdogo wako,
Tumaini