Kuvu Nyeupe Mizizini

Jumanne, 4 Machi

Mkwe wangu ameniletea mti. Msonobari kibeti, chungu chake hakizidi bakuli la supu, shina limezungushiwa waya kama mfungwa. Eti bonsai. Eti nipate kitu cha kutazama. Kitu cha kutazama ninacho: kopo langu la makohozi. Nimesema asante. Nimeuonea kinyaa, na si kwa sababu ya waya. Hilo nitalifikia, nikijaliwa ujasiri.

Alhamisi, 6 Machi

Daktari kamnong'oneza binti yangu kwenye korido: wiki, si miezi. Masikio ndiyo pekee yaliyobaki mazima kwangu. Binti akarudi na tabasamu la kuazima, akanifuta kidevu kama mhudumu anayefuta meza ya hoteli.

Jumamosi, 8 Machi

Nimechokonoa udongo wa chungu kwa kidole. Utandu mweupe, kama wa mkate uliosahauliwa. Binti akakunja pua: Mama, umeoza huu, niuoshe? Nikamfokea aache, akiuosha atauua. Kashangaa nguvu nimezitoa wapi.

Basi niandike.

Miaka thelathini na moja iliyopita mkuu wetu wa shule alikwenda kutibiwa mbali, akaniachia msonobari wake mdogo. Mimi ndiye mwalimu wa baiolojia, nani mwingine? Nilipoubadilishia chungu nikakuta kuvu nyeupe mizizini. Nikaona ni uozo. Nikaisugua mizizi kwa brashi na sabuni kwenye sinki la maabara mpaka ikang'aa kama meno. Kitabu cha mimea kilikuwa kabatini, hatua tatu. Sikukifungua.

Msonobari ukifa hausemi. Ulibaki kijani miezi mitatu — mkuu akarudi, akanishukuru mbele ya walimu wote. Ulipogeuka rangi ya kutu ndipo nikafungua kitabu: kuvu ile ndiyo iliyokuwa ikiulisha. Kesho yake mkuu akauliza nani kaugusa. Nikasema mtunza bustani, si anamwaga maji ya deki kila mahali? Kweli alikuwa anayamwaga, kwenye maua. Ndiyo maana uongo ulikaa vizuri.

Alifukuzwa siku ileile. Wanafunzi walimwita Kijiko, kwa kuwa alipandikiza miche kwa kijiko cha chai.

Binti ananiogesha mara mbili kwa siku na bado najinusa.

Jumanne, 11 Machi

Majani ya chini ya msonobari, membamba kama sindano, yanageuka njano. Mkwe anasema kuna mzee anauza miche kando ya barabara, miti hii anaijua kama watoto wake. Atamleta kesho. Sawa.

Jumatano, 12 Machi

Ni yeye. Mgongo umepinda, meno yamebaki ya kuhesabu. Nilikuwa bado najiambia kwamba siye, akatoa kijiko mfukoni.

Akanitambua kwa sauti yangu, nilipomfokea binti alete kiti. "Mwalimu! Bado unafokea watu?" Akacheka, akaushika kwa mikono miwili mkono wangu huu wenye ngozi ya kuku.

Binti akamuuliza misonobari aliijulia wapi.

"Niliua mmoja, mwanangu. Wa mkuu wangu wa kazi. Maji ya deki. Ujinga tu — Mwalimu hapa ni shahidi." Tangu hapo, anasema, akawa anauliza kila ajuaye, asije akaua mwingine.

Anaamini. Miaka yote hii nilidhani ananichukia, na kuchukiwa nilikuwa nimekuzoea. Kumbe yeye ndiye anayeona aibu mbele yangu.

Nikafungua mdomo. Nikasema: mleteeni chai. Huyo ndiye mimi, mzima mzima.

Jumamosi, 15 Machi

Kijiko kaja asubuhi kubadilisha chungu. Walinikalisha kibarazani na blanketi. Akauchomoa mti, akaulaza juu ya gazeti. "Mwalimu, nishikie shina. Usiachie." Nikashika. Akamwonyesha binti ule utandu: huu hatuugusi, mwanangu, huu ndio mama yake.

Nikasema, "Kijiko. Ule wa mkuu niliuosha mimi. Kwa sabuni. Wewe hukuua kitu."

Aliendelea kuchambua mizizi kidogo, kama mtu aliyepitwa na neno. Kisha akauliza sabuni gani. Nikamwambia ya unga.

"Na ulipotaja jina langu, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Akaweka kijiko chini.

Binti akanirudisha chumbani bila kunitazama. Mlangoni akasema tu: "Leo, Mama? Leo ndiyo umeona umwambie?"

Sasa saa saba mchana. Namwona dirishani. Yupo palepale kwenye kigoda, chai imeshika ngozi. Hajaondoka, hajaufunika mti. Mizizi haitakiwi kukaa juani hata dakika kumi, na hilo analijua kuliko mtu yeyote. Mkwe kapita, kamuuliza vipi Mzee, nikusaidie? Mzee anakitazama tu kijiko chake pale chini.

Nimegonga kioo. Hakugeuka. Binti katoka na kopo la maji, kasimama kati yao, anamtazama yeye, anautazama mti, hajui aanze na nani.