Diplome ya Joseph

Nsimire, mujukuu wangu wa Montréal,

Tuko wazima, maman yako ameshavuna maharagi Nyantende. Unaniuliza kama urudilie masomo yote ya comptabilité, ile ya kuhesabu pesa, kwani watu wa kazi wa huko wamekataa diplome yako ya huku. Ngoja kwanza.

Wakati wa Zaïre nilipata kazi Bujumbura. Diplome yangu ilisema Joseph, lakini serikali ilikuwa imetukataza majina ya kizungu, na karte yangu ya kitambulisho ilisema Mushagalusha. "Huyu Joseph iko wapi?" watu wa bureau ya kazi wakaniuliza. Nikarudi nyumbani na kasirani. Katekista wangu muzee akawaandikia: "Ni mutu moja. Nilimufundisha sala mimi mwenyewe." Wakasoma, wakacheka, wakakubali. Nilivuka muto Ruzizi, kwenda Bujumbura, nikiimba.

Basi nimeenda kuona profesa wako. Ameandika kurasa tatu juu ya masomo uliyofanya, ziko ndani ya hii bahasha, uwaonyeshe. Nimezisoma. Hata mimi sikujua uko hodari hivyo.

Koko wako,
Joseph Mushagalusha, yote mbili