Balbu ya Bodaboda Kwenye Mashine ya Gololi

Jumanne, hapa Nkende. Mvua ya asubuhi imekatika, jua limetoka kali na matope yananuka. Bega langu la kushoto halinyanyuki. Naandika kwa simu, kwa kidole kimoja, na leo sitafuti maneno mazuri.

Nina hasira. Niseme tu.

Wanaonijua wanajua nina banda la michezo. Lina meza ya pool na mashine moja ya gololi niliyoinunua kule Kewanja kwa mgeni aliyekuwa anahama na kuuza vitu vyake vya nyumbani. Ni sanduku refu lenye miguu, juu lina kioo. Unairusha gololi ya chuma kwa springi, halafu unaichapa kwa vikono viwili isidondoke. Ndani kuna vitaa vya rangi, vinawaka na kuzima. Tarime nzima sijaiona nyingine, na vijana wanaipenda kuliko wachumba wao.

Ubao wa pointi ulikuja umekufa, kwa hiyo wateja wangu walijitungia sheria. Ukigonga vibao vitatu, nyota nyekundu ya katikati inawaka. Gololi ikiingia shimoni huku nyota inawaka, umeshinda, na mwenzako ananunua nyama. Kama haiwaki, hujashinda. Refa hakuna, refa ni nyota.

Sasa balbu ya nyota iliungua. Mashine inatoa volti sita, na balbu ya volti sita hapa kwetu siyo kitu cha kuokota. Mimi nikaenda duka la spea za bodaboda, nikachukua ile balbu ndogo ya indiketa. Volti kumi na mbili. Kitako chake kinaingia vilevile, kama kimetengenezewa pale. Nikaichomeka, ikawaka kidogo, kwa uvivu. Nikasema inatosha, nikaenda zangu kuuza soda.

Inatosha! Ningekuwa na mkono mzima ningejizaba kofi.

Jumamosi mchana Mwita alikuwa anacheza na Marwa. Mwita ni mdogo wangu, tumbo moja, kitinda mimba wa mama. Marwa ni rafiki yake tangu wakichunga ng'ombe pamoja, siku hizi anaendesha bodaboda. Mwita akagonga vibao, gololi ikazama shimoni, akaruka juu: imewaka! Marwa alikuwa amesimama upande wa mlangoni. Akacheka, akamwita kijana kwa lugha yetu: "Mura, hakuna kitu hapo. Usitufanye watoto."

Imewaka. Haijawaka. Imewaka. Haijawaka. Wakaanza kutajiana wazazi.

Mwita ndiye aliyeanza kupiga. Nampenda, lakini ndiye aliyeanza. Alimpiga Marwa ngumi ya mdomo, jino likatoka. Marwa akashika fimbo ya pool, akaigeuza upande mnene, akaishusha usoni kwa mdogo wangu kama mtu anayepasua kuni. Akarudia. Nilisikia taya likivunjika. Jicho la kulia likajaa damu mpaka sikuliona tena.

Nilikuwa na chupa ya soda mkononi. Nilimpasulia Marwa kichwani. Alipoinama nikamrukia mgongoni, nikamng'ata sikio, na nilidhamiria nilitoe. Wanaume walinivuta miguu ndiyo nikaachia. Damu yake niliisikia mdomoni mpaka jioni, na sikujuta. Mpaka sasa sijui kama najuta.

Mwita yuko hospitali, taya limefungwa nyaya, jicho limefunikwa bandeji. Daktari anasema tusubiri. Marwa alikimbia, wanasema yuko Sirari kwa mjomba wake. Polisi wameandika maelezo. Lakini binamu zangu hawakuwa na habari na polisi. Tangu Jumapili walikuwa wamekaa kwa Baba Mkubwa wananoa mapanga, na jiwe la kunolea halikupumzika. Neno lao lilikuwa moja: kama nyota iliwaka, basi Marwa alimdhulumu mtoto wetu kisha akampofua, na tunamfuata huko huko Sirari, leo hii.

Wazee ndio waliowazuia. Walisema mashine ipo, haijaenda popote. Wazee wa pande zote mbili waje, iwashwe, tuone.

Waje kwangu, leo mchana.

Asubuhi nikaenda Bomani kwa Mzee Hamisi, muuza vifaa vya umeme, mtu wa swala tano ambaye babu yake alikuja huku kutoka Tanga. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaona macho yangu, akainama chini ya kaunta akatoa boksi. Alishaniagizia balbu za volti sita, zimefika. Akazimwaga kwenye kaunta: za kizamani zenye waya ndani, na za LED nyeupe, njano, nyekundu, kijani. Akaniambia nizichukue zote nikajaribu, nitakazoziacha nizirudishe.

Nikajifungia bandani nikafungua kioo. Niliweka LED nyeupe kwanza. Chini ya plastiki nyekundu ikatoa rangi ya ufizi, mbaya, hata kuitazama inakera. Ya kijani ndiyo kabisa, nyota ikawa nyeusi kama imezimwa. Ya kizamani ilikuwa nzuri ila inachemka, na plastiki ile imeshaanza kujikunja. Nikaweka LED nyekundu.

Wee! Nyota iliwaka mpaka ukutani. Kipofu angeiona.

Hapo ndipo nilipoelewa nimeshika nini. Nikiacha hii nyekundu, wazee watagonga vibao, watasema mbona inawaka kama moto, Marwa ni mwongo, na kabla ya jua kuzama atakuwa amekatwakatwa. Nikiweka iliyoungua, Mwita ndiye mwongo, amepigwa kwa haki yake. Hakuna ambaye angeniuliza. Wanaume hawajui hata kioo kinafunguliwaje.

Nikaiacha nyekundu. Ndiyo, niliiacha. Nikakaa kwenye kreti nikamfikiria Marwa ameanguka kwenye mtaro kule Sirari, binamu zangu wako juu yake, na moyo wangu ukatulia kabisa. Ukatulia kama mtu aliyeshiba.

Sijui nini kilininyanyua. Labda ni ukaidi wangu tu, maana mimi kitu nisipokijaribu hakiniachii. Nikairudisha ile balbu ya bodaboda, nikagonga vibao kwa mkono, nikafungua mlango kama ulivyokuwa Jumamosi. Nikasimama mahali pa mchezaji, alipokuwa Mwita. Imewaka. Hafifu, lakini imewaka. Nikaenda mlangoni, alipokuwa Marwa. Kwenye kioo niliona mwanga wa nje na uso wangu mwenyewe. Nyota hakuna.

Nikarudi, imewaka. Nikaenda, haiwaki.

Hakuna aliyedanganya. Watoto wale wawili wamevunjana mifupa na wote walikuwa wanasema kweli. Nilitukana matusi ambayo siwezi kuyaandika hapa, nikalipiga lile sanduku mateke mpaka kidole cha mguu kikavimba. Halafu nikafunga kioo juu ya balbu ya bodaboda, nikanawa uso, nikangoja.

Walikuja wote. Binamu zangu walibaki nje, mapanga wameyaegemeza ukutani waziwazi, hawana haya. Baba Mkubwa alisimama mlangoni kwa kuwa hataki kuwapa mgongo ndugu za Marwa. Mzee Nyamhanga, baba yake Marwa, akasogea mbele ya mashine. Mimi sikupanga, walijipanga wenyewe. Nikagonga vibao vitatu.

Baba Mkubwa akasema kwa sauti kubwa, "Haiwaki."

Mzee Nyamhanga akageuka kama ametukanwa. "Wewe huna macho? Inawaka hii hapa!"

"Nimesema haiwaki!"

"Inawaka!"

Baba Mkubwa akainua fimbo. Mzee Nyamhanga akamkamata kola. Wakasukumana mpaka meza ya pool ikahama, wazee wazima, mate yanaruka, mpaka mama mmoja wa upande wa kina Marwa akapiga kelele, "Jamani, sikilizeni mnachosema!"

Wakasikia. Mzee Nyamhanga alikuwa anaapa kwamba mtoto wake ndiye aliyekosea. Baba Mkubwa alikuwa yuko tayari kumwaga damu kuthibitisha kwamba mtoto wetu ndiye aliyekosea. Waliachiana taratibu. Niliwabadilisha nafasi, wakatazama tena, kila mmoja akaona alichokuwa anakiona mwenzake.

Kisha wote wakanigeukia. Baba Mkubwa akauliza balbu hii aliiweka nani.

Ningeweza kusema mashine ni mbovu. Nilisema ni mimi. Nilijua siyo yake, nikaiweka kwa kuwa ilikuwa karibu. Nikaitoa mfukoni ile LED nyekundu, nikawaonyesha wote, hadi waliokuwa nje, kwamba hii ndiyo yake.

Fimbo ilinipata begani. Ya pili ilinipata hapo hapo. Ya tatu niliidaka, nikamwambia Baba Mkubwa mbele ya watu wote, nakuheshimu, lakini ukinipiga tena nakutoa meno uliyobaki nayo. Na nilikuwa namaanisha. Akanitazama, akaiachia fimbo mkononi mwangu, akatoka nje. Nilimsikia akiwafokea binamu zangu wachukue mapanga yao warudi nyumbani wakakate majani ya ng'ombe. Marwa atajibu polisi kwa fimbo ya pool, na ni haki yake ajibu. Lakini leo hakuna anayekwenda Sirari.

Nimemwokoa mtu ambaye Jumamosi nilitaka kumla sikio.

Nilidhani habari hii ingempoza mdogo wangu. Binamu mmoja alinitangulia hospitali akamweleza kila kitu, hadi kwamba nilikuwa na balbu nyekundu mfukoni. Mwita hawezi kuongea na taya lile. Amenitumia ujumbe: "Dada umeniuza. Ungeweka ile nyekundu tu."

Nimeusoma mara nyingi mno. Ana jicho moja linaloona na amelitumia kuniandikia hayo. Nimeanza kumjibu nikafuta, nikaanza tena nikafuta. Nimueleze nini? Kwamba alikuwa sahihi na haitoshi? Nina hasira naye pia, sasa hivi, na niko tayari kumpiga akiwa kitandani hapo alipo, na kama angekuwa karibu ningemkumbatia mpaka alie.

Hawezi kutafuna. Kesho namchemshia uji wa ulezi, mwepesi wa kupita kwenye mrija, nampelekea mwenyewe. Akinimwagia, nitarudi kupika mwingine.